Lengo la Dunia, Ajenda ya Kijiji

Kazi yangu mpaka nilipostaafu ilikuwa bibi maendeleo. Ndivyo wananchi wa Dodoma walivyotuita, kama walivyomwita mwenzetu wa kilimo bwana shamba na wa afya bwana afya, ingawa barua ya ajira ilisema afisa maendeleo ya jamii wa kata. Bibi maendeleo hana trekta wala sindano. Chombo chake ni mkutano: anakusanya watu, anasikiliza, anaandika, anapeleka ngazi ya juu, kisha anarudi kueleza kilichojibiwa. Ndiyo maana kila ninaposikia kwamba dunia imejiwekea malengo, huuliza kwanza habari za mkutano. Yamejadiliwa wapi, na akina nani, na mhtasari uko kwenye faili la nani?

Swali hilo linayahusu sana Malengo ya Maendeleo Endelevu. Septemba 2015, nchi 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana huko New York juu ya malengo 17 yenye shabaha 169, yatimie ifikapo mwaka 2030. Yalirithi Malengo ya Milenia, yaliyokuwa manane na yaliyodumu kuanzia mwaka 2000 hadi 2015. Humo yamo mambo ambayo mkazi yeyote wa nyanda za kati anayajua bila kufundishwa: njaa, afya, shule, maji, ardhi, mvua zisizotabirika, uongozi unaowajibika. Tanzania iliyaingiza katika mipango yake ya maendeleo ya miaka mitano, ikapeleka taarifa ya utekelezaji Umoja wa Mataifa mwaka 2019 na tena mwaka 2023. Kwa dunia nzima hali hairidhishi. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kuwa ni asilimia 17 tu ya shabaha zilizopimika ambazo zilikuwa zikienda kama ilivyopangwa.

Sababu ni nyingi, zikiwemo vita, madeni ya nchi maskini na UVIKO-19. Hizo hatuziwezi sisi wa Bahi na Mpwapwa. Lakini ipo sababu moja iliyo mikononi mwetu, na ndiyo ninayotaka kuieleza. Lengo la dunia huanza kufanya kazi siku linapoingia kwenye ajenda ya mkutano wa kijiji, likapewa fedha, tarehe na jina la kiongozi atakayeulizwa. Kabla ya hapo ni bango la rangi ukutani mwa ofisi ya kata. Mkoa wetu unaweza kulifundisha taifa somo hilo, kwa sababu malengo ya wakubwa yamepita hapa mengi na alama zake bado ziko ardhini.

Kongwa na Kondoa

Nchi yetu ni kavu. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 500 hadi 600. Mara nyingi hukatika Februari, mtama ukiwa bado haujatoa masuke. Wagogo, wenyeji wa hapa, wanazikumbuka njaa zao kwa majina. Iliyotisha zaidi ni Mtunya, ya kati ya mwaka 1917 na 1920, iliyofuata baada ya majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Watu waliopita katika mitihani hiyo walijifunza kushikilia mtama na uwele, kugawa mifugo kwa ndugu na marafiki wa mbali ili ukame usiimalize yote, na kuusoma udongo kabla ya kuugusa.

Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na lengo lao. Nchi yao ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili, wakaamua kulima karanga Tanganyika kwenye ekari zaidi ya milioni tatu, Kongwa pakiwa mahali pa kuanzia. Walileta matrekta, mabuldoza na wataalamu. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Kiangazi kilipoingia ulikakamaa, majembe ya trekta yakavunjika na karanga zikashindikana kung'olewa. Mvua nayo haikutosha. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, walipa kodi wa Uingereza wakiwa wamepoteza zaidi ya paundi milioni 35. Waliopanga walikuwa London. Mgogo aliyeujua udongo ule na mvua ile aliitwa kufanya kibarua. Kwenye kikao cha kupanga hakuitwa.

Mfano wa Kondoa ni wa serikali yetu wenyewe, na una pande mbili. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, kwa msaada wa Sweden, ili kuviponya vilima vya Irangi vilivyokuwa vimeliwa na makorongo. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwa amri katika eneo la kilometa za mraba zipatazo 1,250. Mwaka 1986 amri kama hiyo ikafika Mvumi. Kwa macho ya mtu wa misitu mradi ulifaulu: miti ilirudi, nyasi zikafunika vilima, makorongo yakaanza kutulia. Kwa macho ya mama wa Kirangi, siku ng'ombe walipoondoka ziliondoka pia maziwa ya watoto, samadi ya shamba na mahari ya kijana wake. Mifugo iliongeza msongamano katika maeneo ya jirani, na ulinzi wa nyasi zilizoota ukabaki kazi ya askari na faini. Ardhi ilipona kweli. Lakini uponyaji uliolindwa na askari una gharama isiyoisha, maana siku askari akiondoka mwenye ng'ombe anarudi.

Wenzetu wa Shinyanga walipita njia nyingine. Mradi wao wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliichukua desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi, ngitili, ukaipa nguvu ya sheria na ya kijiji. Wafugaji hawakufukuzwa, walikaa wakakubaliana ni wapi pafungwe na lini pafunguliwe. Ngitili zikaenea katika mamia ya vijiji. Ukame ni ule ule na ng'ombe ni wale wale. Kilichotofautiana ni nani aliyekaa kwenye kikao.

Kisiki chenye mwenyewe

Somo hilo limerudi Dodoma kwa sura nyingine. Tangu mwaka 2018 taasisi ya LEAD Foundation, ikishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, imekuwa ikieneza vijijini njia inayoitwa Kisiki Hai. Asili yake ni Niger, Afrika Magharibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tony Rinaudo, mmisionari kutoka Australia aliyekuwa amechoka kupanda miche inayokufa, alitambua kuwa vile vichaka vilivyotapakaa mashambani vilikuwa miti iliyokatwa, mizizi yake ikiwa hai chini ya ardhi. Wakulima wa Niger waliichukua njia hiyo, na leo inahesabiwa kuwa imerudisha miti kwenye hekta milioni tano hivi.

Kazi yenyewe mtoto wa darasa la tano anaiweza. Shamba likishavunwa, visiki vinaonekana vimechipua vijiti vingi kwa pamoja, kila kimoja kikimnyang'anya mwenzake maji. Mkulima anachuchumaa, anachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na kunenepa, mengine anayakata kwa panga kali karibu na kisiki, mkono ukitoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Yale yaliyobaki anayapogoa matawi ya chini mpaka kama nusu ya urefu wake. Mwisho anafunga kitambaa cha rangi kwenye chipukizi. Kipande cha khanga iliyochakaa kinatosha. Matawi yaliyokatwa yanakwenda jikoni. Hakuna mche wa kununua wala ndoo ya maji ya kubeba, jambo ambalo katika nchi ambayo akina mama huchimba mchanga wa mto kiangazi kutafuta maji si dogo.

Mimi nilikuwa nikikitazama sana kile kitambaa. Kinamwambia mchunga mbuzi na mkata kuni kwamba mti huu una mwenyewe. Lakini kitambaa hakina mikono. Nguvu yake inatoka kwenye sheria ndogo ya kijiji, ambayo halmashauri ya kijiji inaitunga, mkutano mkuu unaijadili na halmashauri ya wilaya inaiidhinisha. Nimeona vijiji viwili vinavyopakana, vyote vimepata mafunzo yale yale. Kimoja kiliita wafugaji kwenye mkutano, kikabishana nao mpaka jua likaelekea kuzama, kikakubaliana njia za mifugo, miezi ya kuingiza ng'ombe mashambani kula mabua, na faini ya anayekata mti wenye alama. Kingine kiliishia kwenye semina na posho. Miaka michache baadaye ungeweza kuujua mpaka wa vijiji hivyo kwa kutazama miti tu.

Katika vitabu vya Umoja wa Mataifa kazi ya kijiji kile cha kwanza inaitwa Lengo la 13 la tabianchi na Lengo la 15 la uhai wa nchi kavu. Wanakijiji hawakuhitaji namba hizo ili waanze. Walizihitaji baadaye, walipotaka halmashauri iwasaidie kuchimba lambo la mifugo, kwa sababu waliweza kuonyesha kwenye mhtasari wao kwamba wanatekeleza jambo ambalo nchi imeahidi mbele ya dunia.

Shilingi elfu moja ya mtoto

Lengo la 2 linataka njaa na utapiamlo viishe. Hapa nyanda za kati utapiamlo mwingi haupigi kelele. Ni mtoto mfupi kuliko umri wake, anayechelewa kutembea na anayesinzia darasani. Kitaifa, tafiti za afya ya uzazi na mtoto zilionyesha udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ukishuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022. Umeshuka, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu. Na mwaka 2016 tulipata msiba wa sumukuvu: katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 wakafa baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu. Kwa hiyo chakula chetu kinahitaji macho kuanzia kinapoanikwa mpaka kinapoingia kinywani mwa mtoto.

Serikali ilichukua hatua ambayo mimi naihesabu kuwa miongoni mwa njia bora za kulishusha lengo la dunia chini. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Makamu wa Rais wa wakati ule, Samia Suluhu Hassan. Mwaka 2022, yeye akiwa sasa Rais, mkataba mpya ulisainiwa hapa Dodoma, kisha ukashushwa kwa wakuu wa wilaya na ngazi zilizo chini yao. Ndani yake kuna jambo moja linaloeleweka na kila mtu: halmashauri itenge kutoka mapato yake ya ndani angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Kijiji chenye watoto 400 wa umri huo kinahusika na shilingi 400,000. Fedha hiyo si nyingi, lakini inahesabika, na kinachohesabika kinaulizika.

Nilikieleza kipengele hicho katika mkutano mkuu wa kijiji kimoja cha mkoa huu, chini ya mbuyu ulio mbele ya ofisi ya mtendaji. Diwani alikuwa amefika, alisalimia kwa Kigogo, “Mbukwenyi!” na watu wakaitika kwa sauti. Nilipomaliza, mama mmoja alisimama nyuma, mtoto mgongoni.

“Shikamoo mheshimiwa diwani.”

“Marahaba, mama.”

“Bibi maendeleo amesema kila mtoto ametengewa shilingi elfu moja. Mimi ninao wawili wa umri huo. Hiyo elfu mbili yao mwaka huu ilifanya nini?”

Watu walinyamaza. Mwenyekiti wa kijiji alitaka kumkatisha, lakini diwani alimzuia kwa mkono. “Mama yangu, swali lako ni la haki, na jibu lake sinalo,” alisema. “Mtendaji, andika. Nitalileta kikao kijacho.”

Na alilileta. Aliuliza kwenye baraza la madiwani, akaja na karatasi yenye mistari miwili: iliyotengwa, na iliyotolewa. Iliyotengwa ilikuwa kamili. Iliyotolewa haikufika nusu. Hakuitetea halmashauri wala hakuitukana. Aliwaambia wananchi kwamba madiwani wenzake nao walishtuka, na kwamba wameagiza fedha iliyobaki itoke kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Ilitoka kwa kuchelewa. Sehemu yake ilifika kijijini pale kwa sura ya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ile inayofanyika kila baada ya miezi mitatu: watoto wakapimwa uzito, wakazungushiwa mkononi ule utepe wa rangi tatu ambao kijani ni salama, njano ni tahadhari na nyekundu ni hatari, na akina mama wakapika pamoja uji wa uwele uliotiwa karanga na kujadili mboga zinazokauka vizuri kwa ajili ya kiangazi. Wawili walioonekana kwenye nyekundu walipelekwa zahanati siku ile ile.

Lililotokea pale ni Lengo la 2 la njaa, la 3 la afya na la 16 la uongozi unaowajibika kwa wakati mmoja, na lilitokea kwa sababu mama mmoja alipewa namba anayoweza kuishika.

Wataalamu nao wasikilize

Kushirikisha jamii mara nyingi kunafanywa kuwa kuwaeleza watu yale ambayo ofisi imekwisha kuamua. Kongwa ina historia inayoonyesha njia nyingine. Tangu miaka ya 1980 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wamefanya kazi huko juu ya ugonjwa wa vikope, trakoma, unaopofusha watu taratibu kuanzia utotoni. Uso safi wa mtoto hupunguza maambukizi. Rahisi ilikuwa kusema kwamba akina mama hawajui umuhimu wa kunawisha watoto, au kwamba maji hakuna, basi.

Walipokaa na familia za Kigogo walikuta jambo pana zaidi. Maji ya nyumbani yana mgawanyo wake, na mama hana usemi wote juu yake. Mume ana neno, mama mkwe ana neno, na muda wa mama umekwisha kwenye kuni, shamba na kisima. Wengi pia waliamini kwamba kunawisha nyuso kunamaliza maji mengi kuliko kunavyomaliza kweli. Walipoonyeshwa kwa vitendo nyuso za watoto wengi zinazooshwa kwa maji kidogo, walibadili hesabu zao. Kwa hiyo kampeni iliwaita wanaume, wazee na mtaa mzima, ikawa uamuzi wa kijiji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kuwa katika vijiji vilivyoshiriki, watoto wenye nyuso safi waliongezeka na trakoma kali ikapungua.

Nawaomba maafisa wenzangu vijana walitafakari jambo hili. Mtaalamu anayeanza kwa kuuliza “nani anaamua nyumbani humu?” atafika mbali kuliko anayeanza kwa kufungua slaidi kwenye kompyuta.

Njia ya kutoka kitongojini hadi Bungeni

Wananchi wengi hawajui kwamba njia ya kupeleka jambo juu ipo kisheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inamfanya kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo hukaa angalau mara moja kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, huandaa mpango. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo vya Maendeleo unataka mpango huo uanze na yale ambayo kijiji kinayo na kinayoweza, kabla ya kuorodhesha kinachoomba.

Kutoka hapo mpango huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa vijiji ni wajumbe. Kisha hufika baraza la madiwani, ambalo mbunge wa jimbo naye ni mjumbe wake. Baraza likipitisha, hupanda mkoani na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, hatimaye Bungeni, ambako bajeti hujadiliwa kuanzia Aprili hadi Juni. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Maana yake ni kwamba kijiji kinachotaka jambo lake lionekane kwenye bajeti kinatakiwa kiwe kimelipitisha mapema, wakati wakulima wanaandaa mashamba, na si kulikumbuka Mei wakati Bunge limekwisha kuanza.

Sisi wa Dodoma tuna bahati ambayo wa Kigoma au Mtwara hawana. Bunge liko hapa. Wabunge wa nchi nzima hununua nyanya katika soko la Majengo na kupita barabara zetu. Dodoma, iliyoamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, imeyashuhudia makongamano mengi yanayozungumzia malengo ya dunia. Umbali kutoka kwenye ukumbi wa kongamano hadi kijiji kisicho na maji ya bomba ni mwendo mfupi wa bodaboda. Umbali huo mfupi ni deni kwa wanaokutana kwenye kumbi zile.

Mwanasiasa naye ana haja yake

Nimefanya kazi na madiwani na wabunge wa kila namna, na sikubaliani na wanaosema wanasiasa hawajali. Mwanasiasa anajali kile atakachoulizwa. Akiulizwa darasa, ataleta darasa. Ndiyo maana nchi nzima ina maboma: wananchi huchanga mchanga, mawe na nguvu zao, wanapandisha kuta mpaka kwenye lenta, kisha kiongozi hubanwa mpaka fedha ya bati ipatikane. Utaratibu huo umejenga madarasa na zahanati nyingi sana. Tatizo ni kwamba udumavu, mmomonyoko wa ardhi na kisima kinachopungua maji havina kuta za kuonekana barabarani, hivyo haviulizwi.

Kwa hiyo kazi yetu ni kuvifanya vionekane. Mpe diwani namba ya kata yake, siyo ya taifa: watoto wangapi wamepimwa, wangapi wako kwenye njano na nyekundu, visiki vingapi vina alama, mwendo wa kwenda kisimani ni wa saa ngapi. Mpe jambo linaloweza kukamilika ndani ya miaka yake mitano. Na likikamilika, asifiwe hadharani kwa haki yake, kwa sababu kiongozi aliyesifiwa kwa lishe atatafuta lishe nyingine ya kusifiwa.

Fedha za kuanzia zipo, hata kabla ya kumtazama mfadhili. Sheria ya mwaka 2009 ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo imemweka mbunge kuwa mwenyekiti wa kamati yake, na miradi inatakiwa itoke kwa wananchi. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, ikarejea mwaka 2024. Kikundi cha akina mama kinachokausha mlenda au kukamua alizeti kikiiomba kwa kufuata taratibu, kinatekeleza Lengo la 1 la kuondoa umaskini na la 5 la usawa wa kijinsia bila kuhudhuria kongamano lolote.

Majirani zetu wamekwenda hatua moja mbele. Nchini Kenya, kaunti kama Busia na Kwale zimeandaa taarifa zake zenyewe za utekelezaji wa malengo haya, na Uganda wilaya ya Ngora ilifanya hivyo mwaka 2020. Taarifa ya namna hiyo inalitoa lengo kwenye wastani wa taifa, ambao humficha mtu wa Chemba nyuma ya mtu wa Dar es Salaam, na kulileta karibu na anayehusika. Ningependa kila halmashauri ya mkoa wetu, Jiji la Dodoma likitangulia, iandike taarifa yake ya kila mwaka kwa Kiswahili chepesi, kurasa chache tu, isomwe kwenye mikutano ya vijiji na mitaa na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Dira ya Taifa ya 2050 ilizinduliwa hapa hapa Dodoma Julai 2025. Nayo itahitaji njia hiyo hiyo ya kushuka chini, vinginevyo itaishia kwenye makabati.

Neno kwa msomaji

Mwaka 2030 umekaribia, na yapo malengo ambayo hatutayafikia. Hilo lisitukatishe tamaa, kwa sababu desturi ya kuuliza na kujibiwa haina mwisho wa muda. Viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa waliochaguliwa Novemba 2024 bado wako kazini, na wana wajibu wa kuitisha mikutano.

Kwa hiyo usisubiri semina. Muulize mtendaji wako tarehe ya mkutano mkuu ujao. Kama haijapangwa, muombe yeye na mwenyekiti waipange, kwa sababu sheria inataka mkutano ukae. Nenda na jambo moja tu, lenye namba: shilingi ya mtoto, maji ya kisima, miti ya kijiji, mkopo wa kikundi. Hakikisha limeandikwa kwenye mhtasari pamoja na jina la atakayeleta jibu. Mkutano unaofuata, rudi ukaulize limefikia wapi. Na wewe uliye diwani au mbunge, ukiulizwa usikasirike. Mwananchi anayekuuliza kwenye mkutano halali anakusaidia kufanya kazi uliyoiomba mwenyewe. Ahadi ni deni, hata ile iliyotolewa New York kwa niaba yetu.